Wati 40 Zinamtosha Bitchuka

Katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika kuna gitaa ambalo wengi wetu tumelisikia tangu utotoni bila kulisikiliza hata siku moja. Ni gitaa la ridhimu, la Omar Shabani. Halipandi juu kujionyesha kama solo, wala haliteremki kutikisa kifua kama besi la Tom Malanga. Linakaa katikati na kurudia mwendo wake kwa subira, likiushika wimbo usitawanyike. Wimbo huo ulirekodiwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970 na kundi ambalo nguzo zake zilikuwa Watanzania waliohamia Kenya, na tangu hapo umepigwa kwenye harusi, baa, mabasi ya mikoani na vipindi vya zilipendwa. Sote tunaujua. Lakini kwa spika tulizozizoea, tunachokijua ni besi, solo na maneno. Ridhimu imebaki mvumo wa mbali tu. Amplifaya mpya niliyoifunga sebuleni kwangu imenirudishia gitaa hilo likiwa zima. Nasikia kiganja kinavyoziba nyuzi, nasikia pale Shabani anapokaza na pale anapolegeza, na sasa naelewa kwa nini besi la Malanga lina ujasiri wa kunyamaza: linajua kuna mwenzake ameshika zamu.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndiyo hoja yangu nzima. Amplifaya ya nyumbani ipimwe kwa kile inachofanya katikati ya muziki, pale binadamu anapoimba na gitaa linapomjibu, na ipimwe ikiwa imepunguzwa sauti. Sisi tumezoea kuipima kwa mrindimo wa besi na kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Vipimo hivyo viwili vimetunyima muziki wetu wenyewe kwa muda mrefu, na vimetutoa fedha bila sababu.

Mashine ninayoizungumzia ni NAD C 316BEE V2. Kwa sura haina makuu. Mbele kuna kitufe kikubwa cha kuzungusha sauti, vingine vidogo vya besi, trebo na mlingano wa kushoto na kulia, na kibonyezo kimoja cha kuziondoa besi na trebo njiani ili muziki upite moja kwa moja bila kukolezwa. Haina Bluetooth, haina skrini. Simu ikitaka kuingia hupitia waya. Inatoa wati 40 kila upande. Herufi tatu, BEE, ni za Bjørn Erik Edvardsen, mhandisi kutoka Norwei aliyebuni NAD 3020, amplifaya iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na wati 20 tu kwa kila upande na bado ikaziendesha spika zilizozishinda mashine zilizojitangaza kuwa na nguvu zaidi. Siri yake haikuwa uchawi. Edvardsen alitambua kwamba muziki haudai nguvu kubwa muda wote. Unadai nguvu nyingi kwa kipande kidogo cha sekunde, ngoma inapogongwa au mwimbaji anapopasua sauti, kisha unatulia. Akajenga mashine yenye akiba ya umeme kwa ajili ya vipande hivyo.

Hapa inafaa kukaa kidogo kwenye hesabu, maana ndiko wanunuzi wengi wanakopotezwa. Chukua spika ya kawaida ya nyumbani ambayo ukiipa wati 1, mtu aliyesimama mita 1 mbele yake anapata sauti ya desibeli 87. Hiyo si sauti ndogo hata kidogo. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa karibu na desibeli 60. Ukiongeza nguvu maradufu, kutoka wati 1 hadi 2, unapata desibeli 3 tu za ziada, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushtuka. Ili sikio liseme "sasa imekuwa mara mbili", unahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara 10. Kwa hiyo wati 40 zinakupa desibeli 103 mbele ya spika hiyo, kelele ya kuwaamsha majirani. Ukinunua mashine ya wati 80 badala ya 40, umeongeza desibeli 3. Na jioni ya kawaida, baba akiwa na gazeti na watoto wakiandika kazi za shule, amplifaya inatumia wati 1 au pungufu. Karibu maisha yetu yote ya kusikiliza yanaishi ndani ya wati hiyo ya kwanza. Kama wati ya kwanza ni chafu, hizo nyingine zinaukuza uchafu.

Sasa pita kwenye maduka ya Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, usome maboksi. Utakuta namba za maelfu, na pembeni herufi PMPO. Hakuna kiwango kinachokubalika cha kupima PMPO. Kila mtengenezaji anaweza kuandika anachotaka. Geuza mashine hiyohiyo, soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha inatumia umeme kiasi gani ukutani. Mara nyingi utakuta wati 50, au 60, au 80. Mashine inayoomba wati 60 ukutani haiwezi kutoa wati 5,000 kwenye spika, leo wala kesho. Marekani waliliona tatizo hili mapema: mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliweka kanuni ya kuwalazimisha wauzaji wa amplifaya za nyumbani kutangaza nguvu inayotolewa mfululizo kwa kipimo kinachoeleweka, na mwaka 2024 kanuni hiyo ikakazwa upya. Ningependa kuona mashirika yetu ya viwango, la Tanzania na la Kenya, yakidai jambo dogo kama hilo: namba ya wati zinazotoka mfululizo kwa kila spika iandikwe kwa herufi kubwa kuliko namba nyingine yoyote kwenye boksi. Mama anayeweka akiba miezi kadhaa anunue redio ya nyumbani anastahili kuambiwa ukweli.

Najua sabufa ina wapenzi wake, na sina ugomvi na anayetaka kucheza. Shughuli ya uswahilini inahitaji kishindo, na kishindo kinaleta furaha. Ugomvi wangu ni pale kishindo hicho kinapokuwa ndicho pekee tunachokiita muziki mzuri. Kasha la sabufa ya bei nafuu hupendelea eneo dogo la sauti, na lolote linaloangukia hapo hulivimbisha. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi hutoa mtikisiko wa hezi 41, wa gitaa la kawaida hezi 82. Sauti ya binadamu, pamoja na konsonanti zinazotufanya tuelewe maneno, inatawanyika juu zaidi, kutoka hezi 100 hivi hadi elfu kadhaa. Yaani mashairi yanakaa kule ambako mashine hizi zimefanyiwa ubahili. Mtu anaimba "moyo" na wewe unasikia mngurumo wenye irabu mbili.

Muziki wa dansi wa Tanzania uliteseka zaidi kwa hilo. Kwa miaka mingi studio ya karibu kila bendi ilikuwa ni ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia nzima, ikapiga wimbo mzima pamoja, na utepe ukazunguka. Hapakuwa na kurudi baadaye kuongeza chumvi. Ukizisikiliza rekodi hizo kwenye mashine iliyotengenezwa kwa kishindo, zinaonekana nyembamba, na kijana anahitimisha kwamba wazee walikuwa na vyombo dhaifu. Hapana. Kishindo anachokitafuta hakikuwekwa pale. Kilichowekwa ni watu wengi ndani ya chumba kimoja, wakisikilizana.

Nilipoweka Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, bendi iliyoanza mwaka 1978, ndipo amplifaya hii iliponifanya niache kila kitu. Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka wanapoimba pamoja, kwenye redio nyingi wanakuwa sauti moja pana. Hapa ni wanaume wawili. Gurumo anaanzia kifuani, sauti yake ina chembechembe, unasikia anavyolitafuna neno kabla ya kuliachia. Bitchuka, ambaye mashabiki walimpachika jina la Super Stereo, anapita juu yake kwa sauti nyembamba isiyotetereka, na ile mitetemo midogo mwishoni mwa mistari, ambayo nilidhani ni kasoro ya kanda, ni koo lake likifanya kazi ya makusudi. Tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa ukali unaostahili: shaba inawasha kidogo sikioni, kama inavyowasha ukiwa umesimama karibu na jukwaa, lakini haichubui. Nilizungusha sauti chini, tena chini, mpaka ikawa ndogo kuliko pangaboi. Gurumo alibaki Gurumo na Bitchuka alibaki Bitchuka.

Jambo hilo la sauti ndogo lina msingi wa kisayansi. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sikio hupunguza usikivu wake kwa besi kadiri sauti inavyoshuka. Kwa hiyo ukisikiliza kwa sauti ya chini, besi kupungua ni tabia ya sikio lako na hakuna mashine ya kulaumiwa. Unaweza kuongeza besi kidogo kwa kitufe chake na hakuna dhambi. Lakini katikati pasipungue. Katikati pakififia, mashine ina kasoro.

Taarab ndiyo mtihani mgumu kuliko yote ninayoyajua, mgumu kuliko rekodi za majaribio zinazotumiwa na wauzaji wa vyombo vya bei kubwa. Nilitumia mkusanyo wa kwanza wa mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa mwaka 2005 na kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, kuadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905. Fikiria kazi anayopewa amplifaya: fidla kadhaa zinapiga ghani moja kwa pamoja, kila moja ikiwa na tofauti ndogo ya mkono, akodiani inapumua katikati yake, kanuni inatawanya nyuzi zake zinazomeremeta, udi unajibu kwa sauti kavu ya mbao, dumbaki na rika zinahesabu mwendo, dabal besi inashikilia chini, na mbele ya wote hao yupo mwimbaji anayeghani shairi ambalo kila silabi yake imepimwa kwa mizani. Vyombo karibu vyote vinagombea eneo lilelile la sauti. Mashine dhaifu huvikoroga. Fidla zinageuka kuwa kitu kimoja kikali kinachochoma, na udi unatoweka kabisa, maana hauna nguvu ya kupigana.

Kwenye amplifaya hii udi ulikuwepo. Si kwa kupaza. Ulikuwepo tu, upande wake, na niliweza kuufuata kutoka mwanzo wa bashrafu hadi mwisho bila kukaza sikio. Fidla zilikuwa kundi la watu. Akodiani ilinifurahisha zaidi ya vyote, kwa sababu nilisikia mfuko wake ukibadilisha mwelekeo, ule mpumuo mdogo wa upepo kabla ya noti. Na maneno, ndugu msomaji, maneno yalisikika. Taarab ni ushairi kabla ya kuwa kitu kingine. Mafumbo yake yanakaa ndani ya neno moja lililochaguliwa kwa makusudi, na ukilikosa neno hilo umekosa kijembe, umekosa huzuni, umekosa sababu ya wimbo. Nimewasikia vijana wakisema taarab ya zamani haieleweki. Nawaomba waisikilize kwenye chombo kinachotamka.

Kwa upande wa santuri, mashine hii ina tundu maalumu la kuingizia gramafoni. Ishara inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno, milivolti chache tu, wakati kicheza sidii hutoa karibu volti 2. Tena santuri ilikatwa kwa hila: besi ilipunguzwa ili mfereji usipanuke kupita kiasi, na trebo ikaongezwa ili kuushinda mkwaruzo. Amplifaya lazima igeuze hesabu hiyo, kwa kufuata mchoro ambao kampuni za santuri zilikubaliana mwaka 1954. Zile za kabla yake, za mizunguko 78, kila kampuni ilikuwa na mchoro wake. Ndiyo maana Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, humfikia msikilizaji wa leo kwa sura tofauti kulingana na nani aliyeihamisha santuri kwenda dijitali na kwa uangalifu gani. Nimemsikiliza kutoka nakala mbili. Ya kwanza ilikuwa imesafishwa mkwaruzo mpaka naye akasafishwa, amebaki kivuli. Ya pili ina mkwaruzo mwingi, na ndani ya mkwaruzo huo yupo mwanamke mwenye kifua na pumzi. Amplifaya haikunificha tofauti. Naichagua ya pili bila kusita.

Uaminifu wa namna hiyo una historia. Mwezi Agosti 1927 mhandisi Harold Black wa maabara za Bell, akiwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini Manhattan, alichora kwenye ukurasa wa gazeti wazo lililobadilisha ufundi wote: chukua sehemu ndogo ya sauti inayotoka, igeuze, irudishe mlangoni, ili makosa yajifute yenyewe. Karibu kila amplifaya iliyofuata, ya simu, ya redio, ya nyumbani, imejengwa juu ya wazo hilo. Lengo lake ni kwamba mashine isiongeze neno la kwake. Lakini mashine isiyoongeza neno haitakufichia kasoro za chanzo. Nyimbo zilizopita kwenye mitandao mara nyingi, zikabanwa na kubanwa tena, zinasikika vibaya humu kuliko kwenye redio ya kawaida: matoazi yanachuruzika, sauti za waimbaji zina ukungu. Mwenye flashi iliyojaa nyimbo za kuokoteza ajue kwamba kazi ya kutafuta nakala nzuri bado inamsubiri.

Chumba nacho kinahusika kuliko watu wanavyodhani. Sebule zetu nyingi zina sakafu ya vigae, kuta za saruji na madirisha ya vioo. Simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaokatakata juu ya dari, mlio huo huo unalifuata kila neno la mwimbaji. Zulia moja mbele ya spika na pazia zito dirishani vilinisaidia kuliko waya wowote wa bei mbaya ambao ningeshawishiwa kununua. Spika zisogezwe mbali na ukuta wa nyuma, hata kwa urefu wa mkono, la sivyo besi inavimba. Na kitambaa cha kufuma kisiwekwe juu ya amplifaya. Najua kinapendeza, najua kimefumwa na shangazi, lakini mashine za aina hii hupitisha umeme hata zikiwa kimya, zinapata joto, na matundu ya juu ndiyo pua zake. Kwa joto la pwani hilo si jambo la kupuuza. Pale umeme unapopanda na kushuka, weka stabilaiza yenye uwezo wa kutosha.

Kuna deni kubwa ambalo haliwezi kulipwa na mnunuzi peke yake. Tepu za Redio Tanzania, ambazo sasa ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, ni hazina ya Mbaraka Mwinshehe, Salum Abdallah, Marijani Rajab na wengine ambao hawawezi tena kuingia studio. Tepu ya sumaku huchoka. Gundi yake huachia, na kilichopotea hakirudi. Zihamishwe zote kwa kiwango cha juu kabisa, moja kwa moja kutoka kwenye tepu ya kwanza, kisha ziuzwe kwa wananchi kwa ubora huohuo, familia za wanamuziki zikipata haki yao. Mataifa mengine yamefanya hivyo na yakapata wasikilizaji wapya waliozaliwa miaka mingi baada ya kurekodiwa kwa nyimbo. Sisi tuna wasikilizaji tayari. Wanaijua "Zuwena" ya Marijani kwa moyo, ila wengi wao hawajawahi kuisikia kama ilivyosikika kwenye chumba ilimorekodiwa.

Kwa anayefikiria kununua, ushauri wangu ni mfupi. Nenda dukani na wimbo mmoja wa kuimbwa unaoujua vizuri, wenye nakala safi. Mwombe muuzaji aache besi na trebo katikati, kisha apunguze sauti mpaka muweze kuzungumza bila kupaza. Atashangaa, maana wateja wake huomba kinyume. Sikiliza kama maneno bado yanatamkika yote. Yakitamkika, uliza bei, na hakikisha imebaki fedha ya kutosha kwa spika, kwa sababu humo ndimo sehemu kubwa ya bajeti inapaswa kwenda.